Vichwa vya Makobo na Pua ya Jirani

Papa Ruben na mke wake, Mama Hortense, wanaishi Katuba, mtaa wa Lubumbashi, katika nyumba ya matofali yenye kiwanja kidogo nyuma. Mama Hortense anauza samaki. Kila baada ya wiki mbili anapanda lori kwenda Kasenga, kwenye mto Luapula. Anarudi na vikapu vya makobo, wale samaki wapana ambao watu wa Lubumbashi wanawapenda sana.

Wateja wake wakubwa ni mikahawa miwili ya upande wa Karavia. Mikahawa hiyo inataka samaki safi, bila kichwa, bila tumbo, bila magamba. Kwa hiyo Mama Hortense anakaa uani na kisu chake toka asubuhi. Akimaliza, samaki wanaondoka. Vichwa na matumbo vinabaki, ndoo mbili au tatu.

Papa Ruben alikuwa dereva wa lori. Sasa anafuga kuku wa mayai, kuku sitini. Alipoona zile ndoo, alifurahi. Chakula cha kuku ni ghali, na hapa kuna nyama ya bure. Alivimimina vichwa na matumbo katika beseni kubwa karibu na banda, akachanganya na soya mbichi iliyotwangwa, akawapa kuku kidogo kidogo, siku tatu au nne, mpaka beseni liishe.

Beseni lilikaa juani. Nzi walijaa. Lakini Papa Ruben hakusikia harufu yoyote.

Hakuwa anajifanya. Miaka miwili iliyopita homa kali ilimshika. Alipona, lakini pua yake haikupona. Tangu siku hiyo hasikii harufu ya kahawa, wala ya moshi, wala ya kitu kilichooza. Hata chakula anakijua kwa chumvi na pilipili tu. Aliona haya kusema. Mke wake peke yake ndiye alijua.

Jirani yao wa ukuta mmoja ni Mama Kunda. Anauza munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi kinachochachuka, mbele ya lango lake. Siku moja mwezi wa sita alichungulia juu ya ukuta, kitambaa puani.

"Papa Ruben, ile harufu ya kwenu inatuua!"

"Harufu gani, mama? Miye sisikie kintu."

"Hausikie? Unatuchekelea? Bantu banakuja kunywa munkoyo, banafunga pua, banaenda. Ile bakuku yako ingekufa yote, tungepumua!"

Mama Hortense alisikia maneno hayo. Jioni alimwambia mume wake, "Anasema kweli. Inanuka." Lakini alisema kwa sauti ndogo, kwa sababu hakutaka kumuumiza. Na Papa Ruben alijibu kwamba wanawake wanapenda kuongeza.

Siku nne baadaye, mayai yakiwa tayari yamepungua, kuku walianza kulegea. Wa kwanza alishindwa kusimama. Mbawa zilianguka, shingo ikalala chini kama kamba. Kufika mchana alikuwa amekufa. Kesho yake walikufa saba. Siku ya tatu walikufa kumi na moja, na wale waliobaki hawakutaga hata yai moja.

Papa Ruben alisimama katikati ya banda, kuku mfu katika kila mkono. Alikumbuka maneno ya Mama Kunda. Damu ilimpanda. Alitoka mpaka barabarani, mbele ya wanawake waliokuwa wanachota maji kwenye robine, bomba la mtaa, akapiga kelele.

"Mama Kunda! Ni weye njo ulitia sumu! Ulisema bafe, na banakufa! Bantu yote basikie: huyu mama anajua sumu!"

Mama Kunda alitoka, mikono ikiwa na unga. Aliwaona wanawake wote wakimtazama. Aliingia ndani na kufunga lango.

Maneno yalitembea haraka kuliko Papa Ruben alivyofikiri. Nani atakunywa kinywaji cha mtu anayejua sumu? Asubuhi iliyofuata, ndoo ya munkoyo ilikaa mbele ya lango la Mama Kunda mpaka jioni. Hakuna aliyechota hata kopo moja.

Mama Hortense hakulala vizuri. Asubuhi alivaa kikwembe, kitenge chake kizuri, akaenda ofisi ya mifugo. Alirudi na mwanamke kijana mwenye buti za plastiki na mfuko mgongoni. Jina lake ni Lydie, fundi wa mifugo. Watu wa mtaa wanamwita Dokta.

"Jambo, papa," Lydie alisema. "Pole kwa bakuku. Nionyeshe wenye banaumwa."

Aliinua kuku mmoja aliyekuwa bado hai. Alimshika kichwa, akakiacha. Kichwa kilianguka.

"Ulichanja kuku zako, papa?"

"Ndiyo, mwezi wa pili."

"Ni vizuri. Ile ugonjwa mukubwa ya kuku inapinda shingo, inaizungusha. Hapa shingo haipindi. Inalegea tu. Banakula nini?"

Papa Ruben alimwonyesha beseni. Lydie hakufika karibu. Alisimama hatua tano mbali, akageuza uso, akakohoa.

"Papa! Hii ina siku ngapi?"

"Tatu. Pengine nne."

"Basi, nimeona sumu."

Papa Ruben alirukia neno hilo. "Unaona, Hortense? Nilisema! Ni jirani!"

"Hapana, papa," alisema Lydie. "Hakuna muntu aliyeitia. Samaki ikioza bila kutunzwa, vijidudu vibaya vinazaliwa ndani. Vinatengeneza sumu yenyewe. Kuku akila, misuli yake inalegea: miguu, mbawa, shingo. Nimeona ile mara mingi. Na soya mubichi nayo ni mubaya. Inazuia tumbo kusaga chakula. Njo maana mayai yalipungua mbele ya kufa."

Papa Ruben alikaa juu ya tofali.

"Kwa hiyo ni miye," alisema mwishoni. "Miye njo niliua bakuku yangu."

"Haukujua, papa."

"Na Mama Kunda?" aliuliza Mama Hortense, akimtazama mume wake. "Utaenda kumuomba musamaha."

"Kesho," alisema Papa Ruben.

Lydie aliwaambia wachimbe shimo refu mbali na kisima chochote, wazike kuku wote waliokufa na chakula chote cha lile beseni, na kumwaga majivu juu. Kuku wagonjwa walitengwa, wakapewa maji safi. Watatu walikufa, wengine wakapona. Walibaki kuku thelathini na wanane.

"Nitupe vichwa sasa?" aliuliza Mama Hortense. "Kila wiki mbili nichimbe shimo?"

"Hapana, mama. Vichwa na matumbo ni chakula kizuri sana, vikitunzwa. Siku utarudi na samaki, niite asubuhi, mbele ya jua kupanda. Nitawafundisha."

Wiki iliyofuata samaki walifika. Lydie alikuja na chupa yenye maji ya rangi ya udongo.

"Unajua munkoyo inafanyika namna gani, mama?" aliuliza.

"Tunapika uji ya mahindi, tunatia mizizi, tunaacha. Inachachuka."

"Inachachuka kwa kazi ya nani?"

Mama Hortense alicheka. "Yenyewe!"

"Hapana. Kuna vijidudu ndani, vidogo sana, jicho haiwezi kuviona. Hivi ni vizuri. Vinakula sukari, vinatoa uchachu, na uchachu inafukuza vijidudu vibaya. Mu chupa hii kuna aina mingi pamoja. Kuna vya maziwa ya kuganda, na kuna vya levire, ile ya mukate. Vikifanya kazi pamoja, vinachachusha samaki na soya, vinavilainisha, na kuku anasaga chakula bila shida."

Kisha kazi ilianza. Waliosha vichwa na matumbo yaliyotoka kwenye samaki asubuhi ile ile. Lydie alikitupa kichwa kimoja kilichokuwa na macho ya kijivu. "Kikiwa kimeanza kuoza, usikitie," alisema. "Hakuna kijidudu kitakirudisha kuwa kizuri." Walivikata vipande, wakavichemsha nusu saa, wakavitwanga. Papa Ruben alikaanga soya juu ya makaa, akikoroga bila kuacha, mpaka ikawa na rangi ya kahawa. Kisha aliisaga.

"Sasa tuchanganye," alisema Papa Ruben, akishika chupa.

Lydie alimzuia mkono. "Ngoja ipoe, papa. Ukimimina sasa hivi, unapika vijidudu vyetu. Tia kidole. Kama kidole inakubali kukaa, na vijidudu vitakubali."

Walingoja. Kisha walipima ndoo mbili za samaki, ndoo moja ya soya na ndoo moja ya pumba za mahindi. Waliyeyusha kilo mbili za sukari katika maji ya uvuguvugu, wakamimina pamoja na maji ya chupa. Walikanda kama unga wa mandazi. Waliujaza mchanganyiko ndani ya pipa la plastiki lenye kifuniko, wakaushindilia kwa ngumi mpaka hewa yote ikatoka. Lydie alitoboa kifuniko, akapitisha mrija mwembamba, na ncha yake ya pili akaitia ndani ya chupa ya maji.

"Hewa ya ndani itatoka kwa maji, bububu. Hewa ya inje haiingie. Muweke kivulini. Na juu ya baridi ya mwezi wa saba, muvalishe pipa blanketi. Musifungue siku kumi na ine."

Alimpa Papa Ruben karatasi ndogo za kupima uchachu. "Ukifungua, chovya karatasi moja. Ikikuwa ya rangi ya machungwa, ni muzuri. Ikikuwa ya njano ao ya kijani, funga, ungoje tena. Na tena unuse."

Papa Ruben aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa yote.

Maji ya chupa yalipiga bububu siku nyingi. Kila siku Papa Ruben alikwenda kusikiliza. Kila siku pia alipita mbele ya lango la Mama Kunda, akaona ndoo iliyojaa, akaangalia upande mwingine. "Kesho," alijiambia.

Siku ya kumi na nne ilifika. Mama Hortense alikuwa amerudi Kasenga. Papa Ruben alifungua pipa. Juu hakukuwa na ukungu. Alichovya karatasi: ikawa ya rangi ya machungwa. Alimpigia Lydie simu kwa furaha.

"Ni muzuri sana, papa! Harufu iko namna gani?"

Papa Ruben aliinama juu ya pipa, akavuta pumzi mara mbili.

"Papa? Unanisikia?"

"Nakusikia, Dokta. Ila harufu... miye sisikie harufu. Tangu miaka mbili. Homa iliniondolea pua."

Lydie alikumbuka lile beseni.

"Papa Ruben, juu ya nini haukusema? Kumbe ile beseni ilioza mbele yako, na haukujua!"

"Niliona haya."

"Haya haina mahali hapa. Bantu wengi walipoteza pua kama weye. Hakuna kosa. Lakini karatasi inasema uchachu tu. Kuoza kukianza pembeni, pua njo inajua kwanza. Nani iko hapo nyumbani?"

"Niko peke yangu."

"Basi, muite jirani."

"Jirani... nilimutukana mbele ya bantu. Nilisema anajua sumu."

"Basi anzia pale," alisema Lydie. Akakata simu.

Papa Ruben alinawa mikono. Alivaa shati safi. Alitoka. Kwenye robine kulikuwa na wanawake sita wenye bidoni zao za maji, karibu wale wale wa siku ile. Mama Kunda alikuwa amekaa mbele ya lango, nyuma ya ndoo yake iliyojaa. Papa Ruben alitaka kusema polepole. Kisha alikumbuka kwamba mwezi uliopita hakusema polepole. Akapaza sauti.

"Mama Kunda! Nakuja kusema mbele ya bantu, sawa vile nilisema mbele ya bantu. Nilikusingizia. Hakuna muntu alitia sumu. Bakuku walikufa kwa sababu ya samaki yenye kuoza, na ni miye njo niliwapa. Dokta ya mifugo alihakikisha. Naomba musamaha."

Wanawake wa robine waliacha maji yakamwagika.

Mama Kunda hakusimama. "Unajua siku ngapi sikuuzisha?" alisema. "Bantu banapita hapa kama mu makaburi. Mutoto ya dada yangu alikataa kunywa maji kwangu. Maji, Papa Ruben!"

"Najua. Kila siku nilipita, niliona. Nilikuwa na woga ya kuja."

Alichukua kopo lililokuwa juu ya meza, akalichovya katika ndoo mpaka kujaa, akanywa lote, mbele ya macho yote. Akachota la pili, akanywa. Mwanamke mmoja wa robine, Mama Léa, aliweka bidoni yake chini. "Na miye nipe," alisema. "Nilikuwa na hamu tangu siku mingi."

Mama Kunda alifuta macho kwa ncha ya kikwembe. "Iko namna gani?" alimwuliza Papa Ruben, bado na hasira kidogo. "Tamu, ao chachu?"

"Sijue, mama. Pua yangu ilikufa, na tamu ilienda nayo. Njo maana nilikujibu sisikie kintu. Nilikuambia kweli."

Mama Kunda alimpokea kopo.

"Kumbe njo vile," alisema polepole. "Miye nilizani unatuzarau. Miaka mbili! Na hakuna muntu alijua?"

"Hortense tu. Sasa, mama, nakuomba kintu ingine. Nakuomba pua yako."

Alimweleza habari ya pipa. Mama Kunda alisimama, akajifunga kitambaa puani kama mtu anayekwenda kusafisha choo. Wanawake watatu walimfuata. Papa Ruben alifungua kifuniko. Mama Kunda aliinama kidogo, akashusha kitambaa polepole. Alinusa. Alinusa tena, sasa karibu kabisa.

"Haioze hii," alisema. "Inachachuka! Iko kama munkoyo ya siku tatu, ila mwenye kuipika alitia samaki."

Wote walicheka. Papa Ruben alirudisha kifuniko, naye akicheka.

Kwa shauri la Lydie, hawakuwapa kuku wote mara moja. Kwanza walitenga kuku wawili, wakawalisha siku tatu. Wawili hao walikula na kupiga kelele wakitaka tena. Ndipo Papa Ruben alipoanza kuwapa wote, kopo moja la pipa kwa makopo tisa ya chakula cha mahindi. Kila alipochota, alishindilia yaliyobaki na kufunga vizuri. Na kabla ya pipa kwisha aliweka bakuli moja pembeni, kuwa mbegu ya pipa lingine, kama mtu anavyoweka mbegu za mahindi.

Baada ya wiki tatu mayai yalianza kurudi: matano, kumi na mawili, ishirini na manne. Mama Hortense alishangazwa zaidi na ua wake. Alikaa akiparua samaki, na nzi walikuwa wachache sana. Wauza samaki wawili wa barabara ile walianza kuleta vichwa vyao asubuhi. Papa Ruben aliwaambia wazi kwamba vikifika baada ya saa sita hapokei.

Mara moja tu mambo yalipotea njia. Papa Ruben aliona kuku wanapenda chakula kile, akaanza kuweka makopo mawili badala ya moja. Jumamosi hiyo Mama Kunda, ambaye sasa walimpa mayai kila wiki, alirudisha yai nusu kwenye sahani.

"Papa Ruben, hii yai inanuka makobo."

Lydie alicheka kwenye simu. "Umezidisha, papa. Rudi ku kopo moja. Na muache Mama Kunda aonje."

Alirudi kwenye kopo moja. Wiki mbili baadaye, Jumapili baada ya misa, Mama Hortense alikaanga mayai kwa vitunguu, akapika bukari, ugali wa mahindi, akaweka meza uani, mita chache kutoka kwenye pipa. Mama Kunda alikuja na jagi la munkoyo. Ndoo yake ilikuwa imekwisha tangu asubuhi.

Walinawa. Papa Ruben alimega bukari lakini hakulila. Alikuwa anawatazama wanawake wawili wakitafuna.

"Basi?" aliuliza. "Muniambie. Iko na samaki?"

Mama Kunda alimeza, akafikiri, akamega tena.

"Naona chumvi," alisema. "Naona kitunguu."

"Na mafuta," alisema Mama Hortense. "Na yai."

"Yai tu?"

"Yai tu, papa."

Papa Ruben alipumua kwa nguvu. Kisha alivuta sahani karibu na akaanza kula.